Piga chini au pandisha? Nilivyomchanganya mwanangu kwenye besiboli

Mwanangu ana miaka 11 na anacheza besiboli hapa Ohio. Mimi nimekulia Muheza, na gongo nililolijua utotoni ni lile la kunywa, siyo hili la kupigia mpira. Msimu uliopita alitoka uwanjani machozi yakimlengalenga, akaniuliza: "Baba, sasa nipige chini au nipandishe?"

Kocha wake alikuwa akimwambia ashushe gongo kwenye mpira kama anayepasua kuni. Mimi nyumbani, baada ya majuma mawili ya kukesha na video, nilikuwa namwambia alipandishe. Mtoto mmoja, walimu wawili, na mmoja wao hajawahi kupiga mpira hata mmoja maishani mwake.

Ugomvi wenyewe ni wa siku nyingi. Upande mmoja yupo Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston Red Sox. Siku ya mwisho ya msimu wa 1941 wastani wake wa kupiga (mipigo iliyofanikiwa ukigawanya kwa majaribio) ulikuwa .39955, ambao ungeandikwa .400 hata kama angebaki benchi. Alikataa kukaa. Alicheza mechi zote mbili za siku ile, akafanikiwa mara 6 kati ya 8, akamaliza na .406. Williams alifundisha kwamba nguvu inatoka kwenye nyonga kuzunguka, na gongo lipande kidogo. Hesabu yake haina uchawi: mrushaji anasimama juu ya kichuguu, kwa hiyo mpira unakuja ukishuka. Gongo likipanda kidogo linakutana nao uso kwa uso, na hata ukichelewa kidogo bado uko kwenye njia yake.

Upande wa pili yupo Charley Lau, kocha aliyemnoa mpigaji George Brett kwenye timu ya Kansas City. Yeye alisisitiza uzito uhame kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kichwa kitulie, na mkono wa juu uachie gongo mwishoni ili mpigo ukamilike. Lau mwenyewe alipocheza alikuwa na wastani wa .255 tu, lakini Brett alifika .390 mwaka 1980. Kwa hiyo usimdharau kocha kwa sababu hakuwa nyota.

Nilipoanza kutazama picha zao polepole nikagundua kitu kilichoniudhi kidogo, maana nilishachagua upande. Williams naye anapiga hatua mbele. Brett naye anazungusha nyonga. Kila mpigaji mzuri anahama kwanza, mguu wa mbele unakanyaga na kukaza, kisha kiuno kinazunguka kabla ya mabega, kama unavyokamua nguo: huku kunageuka, huku kunangoja. Ukiwahi kurusha kipande cha mti kutungua embe, mwili wako unalijua jambo hilo, na hakuna aliyekufundisha.

Tangu 2015 mitambo ya Statcast inapima kila mpira kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani: umeondoka kwa kasi gani na kwa pembe ipi. Hapo watu wa kupandisha wakapata silaha. Mfano wanaoupenda ni mpigaji J.D. Martinez. Timu ya Houston Astros ilimwacha Machi 2014 akiwa ametoka kujenga upya mpigo wake. Detroit Tigers wakamchukua, akapiga homurani (mipigo inayovuka uzio) 23 mwaka ule ule, na 45 mwaka 2017. Mimi nilisoma habari hiyo nikawaka moto. Nikasahau kwamba Martinez ni mtu mzima mwenye mapaja kama magogo. Mtoto wa miaka 11 akipandisha mpira, mara nyingi unadakwa, na ukidakwa anatolewa. Akiuviringisha chini, nusu ya watoto wa timu pinzani wanaukosa. Kocha alikuwa na sababu zake.

Kilichotuokoa ni simu. Niliiweka ubavuni kwake, usawa wa kiuno, kwenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde. Nikaona mwanangu, kwa kutii neno langu "pandisha", anadondosha bega la nyuma, gongo linazama kisha linachota mpira kama kata mtungini. Mipira yote ilikuwa inaruka wima juu ya kichwa cha mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Nikamwambia: sawa, leo fanya anavyosema kocha, pasua kuni. Akapasua. Kwenye video bega likakaa sawa, na gongo, lililoonekana kwake kama linashuka, likawa linapanda kidogo tu pale linapokutana na mpira. Yaani neno la kocha mmoja lilikuwa limeleta umbo la Williams.

Tangu hapo sibishani tena na maneno. Mpira wa ligi kuu unafika kwa takriban sekunde 0.4, hakuna anayepata nafasi ya kufikiria kiwiko. Neno la kocha ni dawa ya kosa fulani la mtoto fulani, na dawa ya mwenzie inaweza kumdhuru. Kwa hiyo piga video kwanza, ndipo useme. Ukisema, sema jambo moja, tena la nje ya mwili: "piga ule wavu wa nyuma, pale juu kidogo." Hapo mwili hujipanga wenyewe. Na ongea na kocha pembeni, watu wazima wawili, kabla mtoto hajasikia lolote. Mimi nilichelewa kufanya hivyo mwezi mzima, na kocha aliponisikiliza alicheka tu.

Halafu pima gongo. Nilimnunulia la kukua nalo, kama viatu vya shule, na lilikuwa zito mno. Ukiona mikono inabaki nyuma na gongo linaburutwa, acha nadharia zote, mpe jepesi. Wiki mbili tu na lile jepesi zilitengeneza nusu ya niliyokuwa nayapigia kelele.

Siku hizi baada ya mazoezi namuuliza alichosikia mwilini kabla sijafungua video. Jumamosi iliyopita alinijibu kwa fahari: "Nimepiga chini kabisa, Baba." Nikaangalia. Gongo linapanda, taratibu, vizuri kabisa. Nikazima simu nikamwambia apande gari.