Kabla hujalipa hela ya vifaranga wa samaki, nenda kawaone wazazi wao

Mkuu, hiyo hela usiitume. Kama umeshaandika namba kwenye simu, futa.

Umeandika kwamba kiinua mgongo kimetoka, eneo lipo Kilosa, mabwawa manne ya mita 40 kwa 20 yameanza kuchimbwa, na kuna kampuni itakuletea vifaranga 16,000 wa sato, dume watupu, shilingi 200 kila mmoja, nusu unatanguliza. Ukivuna, samaki wote wanachukua wao. Halafu ndiyo ukauliza habari ya udongo, kibali cha maji, mikopo ya vizimba vya kufugia samaki ziwani, soko la Dar, na kama kweli ufugaji wa samaki unaweza kuajiri vijana kama tunavyoambiwa kila siku. Wachangiaji wameshakupongeza na wengine wanaomba namba ya hiyo kampuni. Mimi sikupongezi. Maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, niliambiwa mimi na mdogo wangu tukiwa tumekaa chini ya mwembe wa marehemu mzee huko Mvomero, na tukayaamini.

Jamaa alikuja na fulana yenye picha ya samaki na daftari la hesabu. Bwawa moja vifaranga 4,000. Kila mmoja anafika nusu kilo kwa miezi sita. Hizo ni kilo 2,000, kilo moja shilingi 8,000, unaondoka na milioni 16 kwa bwawa moja. Nina uhakika na wewe umepigiwa hesabu hiyohiyo. Kuzidisha hakuna kosa. Kilichokosekana ni kifaranga mwenyewe, kwa sababu waliotuletea walikuwa mchanganyiko, dume na jike, wa kuokoteza kwenye mabwawa ya watu.

Ngoja nieleze ni kwa nini hilo linaua, maana wengi humu wanadhani jike akiwamo ni faida kwa kuwa atazaa. Sato hangoji kukua ndipo azae. Kwenye bwawa dogo na joto letu, jike mwenye gramu 50 tu anaweza kuwa ameshaanza. Dume anachimba kiota chini, jike anataga, anayaokota mayai mdomoni na kuyaatamia humohumo mpaka watoto watoke. Muda wote huo hali chakula cha maana. Wakishatoka anapumzika kidogo, anaanza tena. Kwa hiyo nguvu ya chakula unachonunua inaenda kwenye mayai badala ya nyama, na watoto nao wanakula chakula hichohicho, wanavuta hewa ileile ya majini. Ulipanga kulisha samaki 4,000, unajikuta unalisha makumi ya maelfu.

Na dalili tuliziona mapema. Ukienda asubuhi ukingoni unakuta vundevunde la vitu vidogo vyeusi vinacheza kwenye maji ya kina kifupi. Tukampigia yule jamaa wa fulana, ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu. Akatuambia ni baraka, samaki wameyapenda mazingira, tuongeze chakula. Hilo ndilo sitamsamehe. Kuuza vifaranga vibovu mtu anaweza kusema naye aliuziwa. Lakini hapo alijua kabisa kinachotokea, maana hata mwanafunzi wa cheti cha ufugaji samaki anajua watoto ukingoni maana yake majike yapo. Badala ya kutuambia tukokote wavu siku ileile tutenganishe, akatuuzia mifuko mingine ya chakula. Pikipiki ya mdogo wangu, bodaboda iliyokuwa inalisha watoto wake watatu, iliuzwa ili kununua ile mifuko.

Piga hesabu ya chakula na wewe, usiogope. Ukiwa na lishe nzuri na usimamizi mzuri, kilo moja ya sato inataka kama kilo moja na nusu ya chakula. Kilo 2,000 za samaki ni kilo 3,000 za chakula, yaani mifuko 150 ya kilo 20, kwa bwawa moja. Kwenye ufugaji huu chakula peke yake kinachukua zaidi ya nusu ya gharama zote, mara nyingi asilimia 60 hadi 70. Kifaranga wa shilingi 200 anaonekana kitu kidogo, na ndiyo maana watu hawamwulizi maswali. Lakini yeye ndiye anayeamua kama ile mifuko 150 itageuka samaki wa sahani au takataka.

Siku ya kuvuna tulikokota wavu mpaka kona ya bwawa. Ulikuwa mzito, watu wakashangilia. Ulipofika juu ilikuwa ni vidagaa vya urefu wa kidole, wachache waliozidi kiganja. Nilimshika mmoja aliyeonekana na tumbo na kidevu kilichovimba, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba. Yakamwagika mayai ya njano, makubwa kama punje za mtama. Nikamshika mwingine, mayai. Tulipotoa maji yote, sakafu nzima ya bwawa ilikuwa mashimo ya duara, kiota kando ya kiota. Kina mama waliokuja na ndoo kununua walichukua kwa bei ya fungu, kwa huruma zaidi kuliko biashara. Mama ntilie anataka samaki watatu au wanne kwa kilo. Huwezi kumlazimisha aweke kidole kwenye sahani ya mteja.

Na ule mkataba wa "tutanunua wote"? Tuliusoma vizuri baada ya maji kumwagika. Umeandikwa kwamba wananunua samaki wote waliofikia kiwango cha soko, kuanzia gramu 400. Sasa wao ndio wanaokuletea kifaranga asiyeweza kufika gramu 400, halafu wao ndio wameweka sharti la gramu 400. Chukua mkataba wako sasa hivi utafute kipengele hicho. Sisi tulipopiga simu ikaita bila kupokelewa, baadaye haikupatikana kabisa.

Kwa hiyo sikiliza. Usimlipe mtu yeyote shilingi moja ya kifaranga kabla hujaenda kwake ukawaona wazazi kwa macho yako. Si picha ya WhatsApp, si cheti cha semina. Nenda.

Ukifika, mwambie akuonyeshe mabwawa au matangi ya wazazi. Mwulize mbegu ameitoa wapi na lini alibadilisha mara ya mwisho, kwa sababu mtu anayezalisha kaka na dada mwaka hadi mwaka anakuuzia udumavu hata kama wote ni dume. Kisha mwulize dume watupu anawapataje. Njia zinajulikana. Wengi hulisha watoto wachanga chakula chenye homoni kwa siku 21 hadi 28, kabla jinsia haijajitengeneza, na ikifanywa kwa uangalifu wanaotoka dume wanapita 95 katika kila 100. Anayefanya hivyo lazima awe na sehemu ya kulelea hao wachanga peke yao na daftari la tarehe. Kama hana, anakudanganya. Wengine huchambua kwa mkono wakishafika gramu 20 au 30. Njia hiyo inachosha lakini ni ya kweli: unamgeuza samaki tumbo juu na kuangalia nyuma ya mapezi ya tumboni. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Ukipaka wino kidogo au rangi ya chakula, tundu la tatu linaonekana kama mstari mdogo wa kukingama. Kijana mwenye macho mazuri anajifunza kwa asubuhi moja.

Kuna na njia ya tatu, na hii inaniuma kama mtu wa bonde hili. Yule perege, ndugu wa sato, wa asili wa mto Wami, aliyepelekwa pia Zanzibar, dume wake akipandishwa na jike wa sato, watoto karibu wote wanatoka dume. Dume wa aina hiyohiyo, akiitwa perege wa Zanzibar, ndiye aliyetumiwa na mtafiti Hickling huko Malacca, Malaysia, akachapisha mwaka 1960 kwamba uzao wake na jike wa perege wa Msumbiji ulikuwa dume watupu. Samaki wa mto unaopita Dakawa, umbali mfupi kutoka shambani kwetu! Na ile mbegu ya sato iliyoboreshwa ambayo Asia wanajivunia, kazi iliyoanza Ufilipino mwaka 1988, wazazi wake wa porini walichukuliwa Misri, Ghana, Kenya na Senegali. Mbegu zilitoka kwetu. Sisi tunauziwa samaki wa kuokoteza kwenye mfuko wa nailoni.

Ukishawapata wanaoridhisha, bado usimwage 16,000. Chukua mia mbili tatu, waweke kwenye kizimba kidogo cha chandarua ndani ya bwawa mpaka waweze kuchambulika, uwageuze mmojammoja. Majike wakizidi watano kwa mia, rudi kwa muuzaji ukiwa bado na hela yako mfukoni. Na hata wakiwa safi, weka kambare wachache bwawani wawale watoto wa wale majike waliopenya. Hakikisha tu kambare ni wadogo kuliko sato wako, la sivyo watakula mtaji.

Swali lako la ajira. Ndiyo, zipo, na nalijibu hili kwa uchungu. Ila hazianzi kwa kuchimba mashimo. Kenya mwaka 2009 walianza mpango wa kuchochea uchumi, wakapanga mabwawa 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140. Hayo ni mabwawa 28,000. Ukiweka vifaranga 1,000 tu kila bwawa unahitaji milioni 28, na vituo vya kuzalisha havikuwepo vya kutosha. Uzalishaji ulipanda kutoka karibu tani 5,000 hadi kama tani 24,000 mwaka 2014, kisha ruzuku ilipokwisha ukashuka mpaka karibu tani 15,000 mwaka 2016, na mabwawa mengi yakaachwa yaote nyasi. Misri inavuna zaidi ya tani milioni 1.5 kwa mwaka za samaki wa kufugwa, ya kwanza Afrika, na nyuma ya hizo tani kuna mamia ya vituo vya vifaranga na viwanda vya chakula. Huko ndiko vijana wanakoajiriwa: kulea wazazi, kuchambua, kusafirisha vifaranga usiku, kuchanganya chakula. Sisi tuna vituo vya ufugaji samaki, Kingolwira hapa Morogoro na Ruhila kule Songea, tuna chuo kikuu cha kilimo SUA na chuo cha uvuvi FETA. Wapewe nguvu ya kuweka wazazi bora kila wilaya, na wauzaji wa vifaranga wakaguliwe kama wanavyokaguliwa wauzaji wa mbegu za mahindi. Bila hilo, kila mstaafu atakayechimba bwawa atakuwa anamtajirisha jamaa wa fulana.

Vizimba na mikopo ya TADB, ile benki ya maendeleo ya kilimo, sina uzoefu navyo, wapo watu wa Mwanza humu watakujibu. Ninachojua ni kwamba kwenye kizimba mayai hupita kwenye matundu ya wavu, kwa hiyo kuzaana hakusumbui sana, ingawa jike bado anakua polepole. Kibali cha maji nenda Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ziko Morogoro mjini. Udongo sijui umechimba wapi, weka picha.

Kesho ukienda huko Bodi ya Bonde, pitia na Kingolwira uone wazazi wa sato walivyo, ndipo umpigie huyo wa kampuni umwulize wake amewafuga wapi. Andika hapa alichokujibu.