Nimechora mara tisa na nakshi bado haikai

SWALI: Shikamoo fundi. Mi najifunza nakshi za milango hapa Lamu, mwaka wa pili sasa. Nimepewa kizingiti cha juu, waridi katikati na majani yanatambaa huku na huku mpaka pembeni. Nimechora mara tisa, kila nikirudia naongeza kitu na sasa imejaa kama leso, jicho halina pa kutulia. Wenzangu wananicheka eti mafundi wa zamani walichonga moja kwa moja. Niache kuchora?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wameona nusu tu, mzee anayeshika bikari akapiga waridi juu ya ubao hapo hapo alishalichora miaka na miaka, nyie mmekuta mkono umeshazoea. Usiache, ila ya kumi usiichore kama hizo tisa.

Hizo za nyuma unazo au ulifuta na raba? Kama unazo rudi kwenye ya tatu au ya nne, kabla hujaanza kuogopa nafasi tupu, weka tresing pepa juu yake ufuatishe yale unayoyataka tu, mengine yaache huko chini. Badilisha kitu kimoja kila karatasi, manake ukibadilisha matano hutajua lipi limeharibu. Na chora nusu tu, kunja katikati ya waridi, nusu ya pili ifuatishe.

Halafu paka penseli nyeusi kote patakapochimbwa. Hapa ndo utashtuka. Penseli inapita popote lakini patasi haipiti, kama ule weusi kati ya majani mawili ni mwembamba kuliko patasi yako ndogo kabisa basi jani moja litoke. Chukua na bobari zako, zile patasi za makali ya kupinda, ubonyeze makali kwenye karatasi, ule upinde unaobaki ndo uwe upinde wa petali, la sivyo utakua unamega kidogo kidogo na ukingo utatoka meno meno. Angalia na nyuzi za mbao, kwenye kizingiti zimelala kwa urefu kwa hivo ncha nyembamba inayosimama kwenda juu inakatika, iegemeze kwenye jani la jirani.

Ukifika kwenye mnyororo wa miimo, zile nguzo mbili za pembeni mwa mlango, hiyo ni hesabu tu: mwimo sm 210, pingili moja ya mnyororo sm 14, zinaingia 15 kamili. Anza kuchora kwenye pembe. Mi niliwahi kuanzia katikati kwa mbwembwe, kufika pembeni jani likabaki nusu na mbao nilishaichonga, mwenye nyumba wala hakuona lakini ule mtaa mpaka leo napita nimegeuza uso.

Ukiridhika chonga waridi moja kwenye kibao cha taka, kisha rudi kwenye karatasi mara moja tena.