Kihisi cha altrasoniki kusoma tangi limejaa ilhali maji yako nusu

Ndugu, umeuliza kwa nini kihisi cha altrasoniki (hutuma sauti isiyosikika na kupima umbali kwa muda ambao mwangwi wake huchukua kurudi) mlichofunga juu ya tangi la maji ya kiwanda cha mkonge hapo Tanga, lenye kina cha mita 4, husoma limejaa ilhali maji yako nusu, na kwa nini vipimo huyumba mchana.

Kwa kosa la kwanza, shuku mwangwi wa kitu kingine. Mawimbi ya sauti hutoka kwa umbo la pia (koni) na hutanuka kadiri yanavyoshuka, hivyo ngazi ya ukutani, kiungo cha kuchomelea au maji yanayomiminika kutoka bomba la kuingizia huweza kuyarudisha kabla hayajafika chini. Kisogezeni mbali na ukuta na bomba hilo, kisha wekeni pimamaji juu ya flanji yake (bamba la kukifungia), pande zote mbili, mpaka kiputo kitulie katikati, kwa kuwa uso wa maji huakisi kama kioo na mwinamo mdogo tu hupeleka mwangwi pembeni.

La mchana nadhani ni jua. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na huongezeka kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Kihisi hurekebisha hesabu ya kasi hiyo kwa joto la mwili wake chenyewe. Kikichomwa na jua kikazidi hewa ya tangini kwa nyuzi 10, umbali wa mita 4 hukosewa kwa takriban sentimita 7. Kitengenezeeni kivuli cha bati, nafasi ya hewa ikiachwa katikati.