JIBU: Hilo dodoso liwekeni chini kwanza

Mleta mada, usilichapishe hilo dodoso. Unasema kikundi chenu cha kujitolea kinaingia kambini wiki ijayo kuwahoji wanawake na wasichana waliokimbia mapigano, mpate takwimu za ukatili wa kijinsia, halafu msaada ufuate mfadhili akishaona ripoti. Mimi kabisa huyo, miaka ile. Hadi fulana zenye maandishi mgongoni tulishonesha.

Tulisimamisha hema na mbele yake bango lenye maneno "ukatili wa kijinsia" kwa herufi kubwa. Kambi nzima ikawa inajua nani kaingia, kakaa muda gani, katoka na macho mekundu. Dodoso lenyewe nililitunga mimi, na lilikuwa na kurasa nyingi kuliko akili zetu. Asubuhi moja akaja dada aliyebakwa siku iliyotangulia alipokwenda kutafuta kuni. Hakuja kutoa takwimu, alikuja kutafuta dawa. Mhoji wetu akamjazisha vipengele vyote, akampa pole, akamshukuru kwa ushirikiano. Ndipo yeye akauliza: "Sasa niende wapi?"

Hatukuwa na jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kliniki kuuliza kama dawa zipo, nani yuko zamu, nauli analipa nani. Tukaanza kupiga simu huku na huku, yeye amekaa pale anatutazama. Mpaka tunapata kituo chenye dawa kinga ya VVU, saa 72 zilishapita. Dawa hiyo lazima ianze ndani ya muda huo, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, hivyo aliwahi. Wakati huohuo mumewe akazisikia habari kwa majirani kabla mwenyewe hajaamua kama atamwambia. Akamfukuza. Na ni bango letu lililompasha mume habari, tusidanganyane.

Aliyetuingiza mkenge ni mshauri wa takwimu tuliyeletewa. Wimbo wake ulikuwa mmoja: bila namba hakuna fedha. Kompyuta yake nzuri, chati zake za rangi, ila kambini hakukanyaga, nadhani vumbi halikupatana na viatu. Baadaye ndiyo nikasoma miongozo ambayo yeye alilipwa aijue. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2007 kwamba huduma za msingi ziwepo kwanza ndipo uwaulize watu habari za ukatili wa kingono katika dharura. Miongozo ya 2015 ya IASC, kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada ya kimataifa, inakwenda mbali zaidi: chukulia kwamba ukatili upo, uanze kazi bila kungoja ushahidi. Yaani zile namba zilizotutoa jasho wala hazikuhitajika ili kuanza!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi: usimfungue mtu mdomo kama hujui mguu wake utaelekea wapi akitoka hapo.

Wiki hiyo ya dodoso itumieni kuzunguka. Nendeni kituo cha afya mkaulize kama dawa kinga ipo leo, siyo "huwa ipo". Ulizeni dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda, na kama usiku kuna muuguzi wa kike. Ulizeni kama wanadai fomu ya polisi kabla ya kutibu, maana hapo ndipo wengi hugeuzwa mlangoni. Tafuteni nani anamfuatilia mwathirika hatua kwa hatua hadi apate huduma zote, nani ana pa kumlaza mtu asiyeweza kurudi alikotoka, nani anashughulikia wasichana wadogo, kwa sababu taratibu zao ni tofauti. Halafu tembeeni njia hiyo kwa miguu yenu. Karatasi ya rufaa, yaani orodha ya pa kumwelekeza mtu, huzeeka haraka, shirika likifunga ofisi namba inabaki inaita tu.

Mfadhili akitaka kitu cha kuandika, mpeni hiki: vyoo gani havina komeo kwa ndani, wapi kuna giza, maji na kuni viko umbali gani. Hayo mnayapata bila kumuuliza mtu yeyote yaliyompata. Na huduma iwekeni ndani ya sehemu ambayo wanawake huingia kwa shughuli nyingine pia, mtu akionekana mlangoni asijulikane amefuata nini. Akiikataa rufaa, mwacheni. Uamuzi ni wake.

Wewe uliyejibu hapo juu kwamba kuficha majina kunatosha: kambini ukiandika umri, sehemu anayoishi na idadi ya watoto, umeshamtaja.

Mleta mada, uliuliza pia kuhusu picha na mafunzo ya wahoji. Picha hapana, hata za mgongoni. Mafunzo sijui mnafundisha kuhoji nini wakati nimeshasema msihoji. Kulikuwa na swali la mifuko ya vifaa vya usafi nadhani, wengine watakujibu, ila waulizeni wanawake wenyewe kabla ya kununua. Mkishapata majina ya vituo na simu zinazopokelewa, yawekeni hapa tuyapitie.