"Sisi" Ni Nani? Swali Kutoka Toronto

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa 18 tangu nihamie Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto. Usiku wa tarehe 13 Juni 2019, timu ya mpira wa kikapu ya Toronto Raptors ilipotwaa ubingwa wa NBA, nilitoka barabarani na mwanangu, na tukakumbatiwa na majirani ambao kwa miaka mingi tulikuwa tukipungiana mikono tu. Mmoja wao alimfunga mwanangu bendera ya Kanada mabegani, nami sikuona vibaya. Sasa mtoto amekuwa kijana, na kila anapomsimulia babu yake kwa simu habari za usiku ule husema "tulishinda". Baba yangu humkatiza: "Mlishinda nyinyi na nani? Mkataa kwao ni mtumwa." Kijana amevunjika moyo, na siku hizi hataki kupokea simu ya babu yake. Nami nina langu la kuuliza: je, furaha ile ilikuwa ya kweli? Wiki chache baadaye majirani walirudi kupunga mikono, na kazini naendelea kuulizwa ninatoka wapi "hasa".

Mama wa Scarborough

JIBU

Dada yangu, nianze na timu yenyewe, kwa kuwa swali la baba yako linaigusa hata kabla ya kumfikia mjukuu wake. Waliocheza usiku ule mjini Oakland na kuwashinda Golden State Warriors kwa pointi 114 kwa 110 walikuwamo Serge Ibaka wa Brazzaville, Pascal Siakam wa Douala na Marc Gasol wa Barcelona, pamoja na Wamarekani kama Kawhi Leonard na Kyle Lowry. Mkanada aliyekuwa katika kikosi hicho, Chris Boucher, alizaliwa katika kisiwa cha Saint Lucia na kulelewa Montreal. Rais wa klabu wakati huo, Masai Ujiri, alizaliwa Uingereza, akakulia Zaria nchini Nigeria, na mama yake ni Mkenya. Miaka mitatu kabla ya hapo mashabiki hao hao wa Toronto walikuwa wakimshangilia mchezaji wao Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Kama "sisi" ni neno la waliozaliwa mahali tu, basi usiku ule hapakuwa na mtu wa kulisema, hata ndani ya uwanja.

Toronto ni jiji ambalo karibu nusu ya wakazi wake walizaliwa nje ya Kanada. Shabiki wa Raptors anayejulikana kuliko wote, Nav Bhatia, ni Kalasinga aliyehama India mwaka 1984, akakosa kazi ya uhandisi aliyoisomea, akauza magari, na tangu klabu ilipoanza mwaka 1995 akawa kwa miaka mingi haikosi mechi ya nyumbani, hata katika misimu ambayo timu ilikuwa ikifungwa mfululizo. Klabu ilimpa pete ya ubingwa kama ilivyowapa wachezaji. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi huisoma methali hiyo kwa pande zote mbili: aliyepewa jembe na akalima ana haki ya kuyaita mavuno yake. Mwanao amesoma shule za jiji hilo na wewe umelitumikia kwa miaka 18. Neno "tulishinda" kinywani mwake ni halali.

Kuhusu furaha, nakujibu bila kusita kwamba ilikuwa ya kweli. Tunakosea tunapoitwika usiku mmoja kazi ambayo haiuwezi. Ujiri mwenyewe, dakika chache baada ya kipenga cha mwisho, alipokuwa akishuka uwanjani kuwapongeza vijana wake huku kitambulisho chake kikiwa mkononi, alisukumwa mara mbili na askari wa ulinzi, kisha akashtakiwa na askari huyo kwamba ndiye aliyeanzisha ugomvi. Picha za kamera ya askari, zilizotolewa hadharani Agosti 2020, zilionyesha nani alimsukuma nani kwanza, na kesi ikaondolewa Februari 2021. Hadithi hiyo huniuma kila ninapoikumbuka, kwa sababu huyu ndiye aliyeijenga timu ya mabingwa, na bado katika saa yake kuu alisimamishwa kama mtu aliyepotea njia. Wanaokuuliza unatoka wapi "hasa" wana jicho la namna hiyo. Jicho hilo halikufumbwa na ubingwa, lakini pia halina uwezo wa kukunyang'anya usiku ule. Na hao majirani, usingoje kombe jingine: wabishie hodi wewe, na sahani ya mahamri.

Limebaki la baba yako, nalo ndilo zito zaidi, maana haifai mjukuu amkimbie babu yake. Ikiwa mzee alizaliwa kabla ya Desemba 1963, basi alizaliwa katika Mombasa iliyokuwa ndani ya ukanda wa maili kumi, uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hata pale Waingereza walipoutawala. Kuwa Mkenya hakukuja pamoja na damu yake. Alijifunza, kama watu wengi wa pwani walivyojifunza, wengine kwa furaha na wengine kwa moyo mzito. Oktoba 1968, Kipchoge Keino, Mnandi wa Bonde la Ufa, aliposhinda mbio za mita 1,500 mjini Mexico City, habari ilifika Mombasa kwa redio, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuiona Nandi walisema "tumeshinda". Hakuna aliyewaita watumwa, na hakuna aliyeacha kuwa Mswahili kwa kulisema.

Kwa hiyo mwambie kijana aipige yeye simu hiyo. Amwamkie babu yake shikamoo, aache habari za Raptors kwa leo, amuulize alikuwa wapi Keino aliposhinda, na nani walikuwa wamekaa naye kando ya redio.