Kuvaa goth Malindi wakati wa kaskazi

Dadangu, umeuliza kama uyaache mavazi yako ya goth, huu mtindo wetu wa nguo nyeusi, lesi na wanja mwingi, kwa sababu Januari unahamia Malindi kikazi kutoka Nakuru, na kila uliyemshauri amekwambia nguo nyeusi na joto la pwani haviendi pamoja. Usiache. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, Langoni, na Malindi nimeingia mwaka wa 2016. Tangu nina miaka 19 navaa nyeusi kila siku. Ila mengi nimejifunza kwa kuumia, na nisingependa wewe upite njia hiyo.

Siku ukienda Lamu, simama usita wa mui, ile njia kuu ya mjini, saa saba mchana mwezi wa Februari. Utawaona mama zetu wanapita na mabuibui, meusi tii, kutoka utosini hadi vifundoni. Wametoka sokoni na vikapu vyao, wanasimama kusalimiana, wanaendelea na safari. Kabla ya hapo nyanya zetu walikuwa na kaniki, shuka ya pamba iliyotiwa rangi mpaka ikakolea nyeusi au buluu nzito, na walifanya nayo kazi za jua na za jikoni. Anayekwambia weusi hauvaliki pwani hajawatazama watu wa pwani.

Mama yangu alishona mabuibui miaka mingi, na kuna jambo alilifanya dukani ambalo mpaka leo nalifanya. Kabla ya kuuliza bei alishika ncha ya kitambaa, akaiweka mdomoni bila kuikunja, akapuliza, na kiganja cha mkono wa pili kiko upande wa nyuma. Pumzi ikitua kiganjani alisema, "Hiki chapumua, nipimie." Isipotua alikirudisha juu ya jora bila neno, hata kiwe kinang'aa vipi. Mwenye duka alikuwa akimlalamikia kwamba anamlowesha vitambaa. Mama hakujali. Alijua kwamba mabuibui mengi ya kisasa ni poliesta, na poliesta iliyofumwa kwa kubana haipitishi kitu.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Rangi ina sehemu yake, sitakudanganya: nyeusi hunywa jua kuliko nyeupe, na ukigusa bega lako saa sita utasikia moto. Lakini swali kubwa ni ule moto unaenda wapi. Mwaka wa 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi kuhusu majoho meusi ya Mabedui wa Sinai. Mtu alisimamishwa juani jangwani akiwa na joho jeusi, kisha jeupe, na ikaonekana kwamba joto linalomfikia mwilini ni lile lile. Joho jeusi lilinywa joto zaidi, lakini lile la ziada lilipotea hewani kabla ya kugusa ngozi, kwa sababu nguo ilikuwa imepwaya na upepo ulikuwa unapita. Mama yangu hakuusoma uchunguzi huo, ila kila buibui alilokata lilikuwa na nafasi ya mkono mzima kati ya kitambaa na mbavu.

Tofauti yetu na jangwa ni unyevu. Kule jasho hukauka mara moja na mwili ukapoa. Hapa jasho linakaa, linashika nguo, nguo inashika mgongo. Kwa hiyo sisi tunahitaji kupwaya zaidi, na kitambaa kinachonyonya jasho.

Sasa nikueleze siku niliyokosea. Februari ya 2017 rafiki yangu mpiga picha alinichukua tukaenda Gede. Wewe utapapenda mno: mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17, mibuyu na mizizi imeshika kuta, kima wanapita juu ya dari zilizobomoka, na kuna kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Nilitaka picha zangu zifanane na zile za Ulaya nilizokuwa nikizitazama kila usiku. Nikavaa gauni la mahameli lenye bitana ya poliesta, koseti yenye vyuma, lile vazi la kamba la kubana kiuno, soksi ndefu, na mabuti ya kufika magotini. Tuliingia saa tano. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kugonga, kichefuchefu kikaja, mikono ikawa baridi na inateleza kwa jasho. Nikanyamaza, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri na sikutaka kumkatiza mwenzangu. Nikaanguka kando ya ukuta.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani alikuja mbio. Akamwambia rafiki yangu, "Mfungue hizo kamba, mwenzio ataka hewa!" Walinivuta chini ya mti, wakalegeza koseti, wakanivua mabuti, wakanimwagia maji shingoni na kwapani. Bitana ilikuwa imeganda mgongoni kama karatasi iliyolowa, ikabidi ibanduliwe kidogo kidogo. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima kabla ya kusimama.

Zile zilikuwa dalili za mwili kuzidiwa na joto, na zilinipa muda wa kutosha kama ningesikiliza. Kichwa kikigonga au ukihisi kizunguzungu, ondoka juani, legeza kila kinachobana, kunywa maji taratibu. Mtu akianza kuweweseka, au ngozi ikawaka moto, hiyo ni ya hospitali hapo hapo huku mnamwagia maji, msingoje apoe. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni ndogo. Mimi huteremshia na muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili, na mkobani nina kipakiti cha chumvi ya maji ile wanayopewa watoto wakihara.

Nilipopona nilijiuliza kwa nini niliipenda mahameli kiasi kile. Goth ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, ikashika kasi kwenye vilabu kama Batcave, iliyofunguliwa Soho, London, mwaka wa 1982. Wale vijana walivaa mahameli, ngozi na makoti marefu kwa kuwa kwao ni baridi. Walichukua kilichokuwa kimewazunguka. Nami nikaamua kufanya vivyo hivyo hapa, na hapo ndipo mavazi yangu yalipoanza kuwa yangu.

Nenda kwa fundi cherehani, dadangu, usinunue nguo za goth zilizoshonwa tayari mtandaoni. Nyingi ni poliesta. Gauni langu la kila siku ni pamba nyeusi nyepesi, limekatwa kama dera lakini mikono yake ni mipana inayoishia kwa ncha, na shingoni pana lesi ya pamba. Lesi pale ambapo wengine wanaweka bitana: kifuani juu, mgongoni katikati ya mabega, na chini ya kwapa. Hewa inaingia kwapani na kutokea shingoni, na ukitembea unaisikia. Nina sketi ya kitani yenye marinda inayofika chini, inakunjamana, na mimi napenda kukunjamana kwake. Ukiwa na shaka na kitambaa, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama tone la plastiki.

Koseti nimeiacha kabisa mchana. Badala yake nafunga kibwebwe, tena cha leso ya kisutu, ile yenye nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kiuno kinaonekana, mgongo unanyooka, na nikichoka nakifungua kwa mkono mmoja nikiwa ndani ya tuktuk. Sijaona rangi tatu zinazoifaa goth kuliko zile, na bibi harusi wa Kiswahili amezivaa kabla ya sisi kuzaliwa.

Mabuti nayo yabaki Nakuru, au uyalete ya kuvaa usiku. Mchanga wa Malindi utayajaza na miguu itachemka. Tafuta fundi wa makubadhi, mwambie akutengenezee ya ngozi nyeusi yenye kamba pana, na akupigilie vishikizo vya chuma vile upendavyo. Yangu yana miaka minne.

Mapambo ya chuma yanashika moto juani, hasa mikufu mizito shingoni, na chuma cha bei rahisi kikichanganyika na jasho kinaleta upele. Vaa fedha, na uvae chache. Kule Lamu masonara hutengeneza pete za fedha zilizopachikwa vipande vya sahani na bakuli za kale zilizovunjika. Ninayo moja, kigae cheupe chenye ua la buluu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kingo zake bado zina ufa. Hakuna fuvu la plastiki litakalonipa ninachohisi nikiitazama ile pete.

Uso: ule weupe mzito wa poda hautafika saa nne asubuhi. Niliuacha. Napaka mafuta ya kukinga jua, wanja usiotoka kwa maji, rangi ya mdomo iliyokolea, basi.

Lakini kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mwilini kama hina, naomba unisikilize vizuri, maana utaipenda na utaiona kila harusi. Nilichorwa mapopo kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, meusi, mazuri. Siku ya tatu mkono ulivimba, kila mstari ukageuka lengelenge, na umbo la popo mmoja liko hapa hadi leo kama kovu jeupe. Piko hiyo huchanganywa na unga wa kutia nywele weusi, wenye kemikali iitwayo PPD. Mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha, na sasa hata rangi ya nywele siwezi kuigusa. Hina halisi haitoki nyeusi. Inatoka rangi ya chungwa, halafu inaiva siku ya pili hadi hudhurungi nzito. Ukiiacha ilale usiku kucha na maji ya ndimu na sukari, inakolea vizuri sana kwenye vidole na viganja, na hiyo inatosha.

Kuhusu majira. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, na hiyo miezi ndiyo ya joto, ingawa upepo unasaidia. Kigumu hasa ni mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, wakati wa malelezi, upepo wa kaskazi umekufa na kusi haijaanza. Mchana ni nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi jua la adhuhuri linasimama utosini hasa, na hata vichochoro vya Lamu ambavyo siku zote vina kivuli cha ukuta vinapigwa jua. Wiki hizo mimi natoka kabla ya saa nne na baada ya saa kumi, na mwavuli mweusi wa lesi ulioshonewa kitambaa cha pili ndani, maana lesi peke yake haizuii jua. Kusi ikiingia, na mvua za masika, utashukuru kwa kila nguo nyeusi uliyo nayo.

Wengine watakushauri uvae buibui tu yaishe. Ukitaka kulivaa kwa stara, livae. Lakini usilifanye vazi la kuigizia na kulibandika mafuvu na misalaba. Ni vazi la heshima la watu, na mimi nimelelewa ndani yake. Jifunze ushonaji wake, nafasi yake, jinsi linavyoteremka kutoka kichwani, halafu shona lako. Na watu watakuuliza. Wiki yangu ya kwanza hapa shangazi mmoja muuza mboga aliniuliza, "Mwanangu, umefiwa na nani?" kwa huruma ya kweli. Nilimwamkia kwanza, shikamoo yake nikampa, kisha nikamwambia sijafiwa, ni rangi niipendayo. Akaniambia basi niwe nanunua mchicha kwake, na tangu siku hiyo ndiye anayenigombeza nikipita bila mwavuli. Amkia watu, dadangu. Aliyeamkiwa hamwogopi mtu mwenye wanja mwingi.

Jambo la mwisho ni kufua, kwa sababu jua na jasho vinaua weusi haraka. Geuza nguo ndani nje, ifue siku hiyo hiyo uliyoivaa, anika kivulini penye upepo. Pamba ikififia inarudi: rangi ya unga ya dukani, maji ya moto na chumvi, koroga bila kuacha. Poliesta haikubali rangi hiyo. Nguo zikikauka nazifukiza udi, kama nyumbani kwetu.

Ukifika, kitambaa cha kwanza usikinunue peke yako. Niandikie, twende dukani pamoja Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda, nikuonyeshe kupuliza.