Umeokoka, ukoo umekutenga: soma na mstari wa 15

Niliokoka 2009, na wiki ya tatu tu baba mkubwa akaita ukoo kwenye tambiko. Mbuzi ameshachinjwa, lubisi iko kwenye kibuyu, mimi nikasema nyama hiyo sili na pombe simwagi. Ningeishia hapo. Lakini nikaendelea, nikawaambia mnaabudu mashetani, nikamtaja na marehemu babu, mbele ya bibi ambaye ndo kanilea!

Kuanzia hapo harusi siitwi, msiba nausikia kwa majirani, ada ya chuo ikakatwa. Nikienda kwa baba mkubwa nawekewa kikombe changu cha plastiki cha njano, kinaoshwa peke yake nje.

Kanisani nikawa nashuhudia nateswa kwa ajili ya Yesu, watu wanaitikia amina. Mzee mmoja akanivuta pembeni, kijana, 1 Petro 4 usiishie mstari wa 14, ule wa heri mkilaumiwa kwa jina la Kristo, soma na wa 15. Kumbe Petro kamweka anayejiingiza kwenye mambo ya watu mstari mmoja na mwizi na muuaji. Niliona aibu jamani.

Kwa hiyo wewe unayepitia haya, kaa chini uchambue, lipi linakuuma kwa sababu ya imani na lipi ni mdomo wako. Kukataa tambiko usiombe radhi. Wale vijana Wakristo waliochomwa Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, kina Karoli Lwanga, walikuwa wanamtumikia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ndani ya jumba lake, ila walipoambiwa wanaosali wasogee upande mmoja, wakasogea. Basi.

Matusi ndo uombe radhi. Nilimpelekea bibi sukari kilo mbili na kitenge, nikamwambia nyama bado sitakula, ila marehemu nilimtukana, nisamehe. Alikaa kimya weee, halafu akauliza kama nimekula.

Na tafuta watu wa kula nao, sio wa kuomba nao tu, maana njaa ya Jumapili jioni inarudisha wengi nyuma kuliko vitisho. Ada nililipa kwa kukaanga chipsi, na grupu la WhatsApp la ukoo usilijibu usiku ukiwa na hasira.

Bibi alipofariki niliitwa. Nilibeba jeneza, ya mila yalipoanza nikaenda kuchota maji, hakuna aliyeniuliza. Baba mkubwa yeye hajalegea, Krismasi iliyopita nimenywea kile kile cha njano, chai ya tangawizi, nzuri kweli.